Bibi wa Ujiji anajibu: mpira uvuliwe, jiko libaki nje

Toleo lililopita nilijibu kwa mistari minne tu swali la mzee mmoja wa Mwandiga, aliyetaka kujua kwa nini mwanawe aliyeko Minnesota hununua plastiki na kuibandika madirishani kila ifikapo Oktoba. Nilidhani limekwisha. Tangu hapo barua na ujumbe wa simu vimekuja kutoka Kasulu, Gungu, Kibondo mpaka Tabora, na karibu vyote vinasema jambo moja: tuna mtu wetu kule, amenunua nyumba, baridi inakuja, hajui aanzie wapi.

Sikupaswa kushangaa. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996, na watoto waliozaliwa mle leo wana watoto wao. Familia nyingi za Kikongo zilizoishi pale zimehamishiwa Marekani na Kanada, na wakipiga simu nyumbani, nyumbani ni Kasulu. Walipofika walipangishiwa fleti, na mambo ya joto na mabomba yalikuwa ya mwenye nyumba. Sasa wamefanya kazi, wamejibana, wamenunua nyumba ya peke yake yenye paa lake na mabomba yake. Bomba likipasuka saa nane usiku hakuna mlango mwingine wa kugonga.

Kwa asiyenijua: mimi ni mzaliwa wa Ujiji, na kuanzia 2003 hadi 2017 niliishi Duluth, Minnesota, kwenye ncha ya magharibi ya Ziwa Superior. Ziwa lile kwa ukubwa wa eneo linalizidi Tanganyika letu zaidi ya mara mbili, ingawa kwa kina halifiki hata theluthi yake. Nililipenda kwa kuwa lilinikumbusha nyumbani, mpaka Januari ilipofika nikaona meli zote zimesimama. Malango ya maji ya Soo, yanayopitisha meli kwenda maziwa ya chini, hufungwa 15 Januari na kufunguliwa tena 25 Machi. Kazi yangu ilikuwa kutunza nyumba za wazee wanaoishi peke yao: kupika, kufagia, na kila Oktoba kuandaa nyumba kwa baridi. Ninayoyasema hapa nimeyafanya kwa mikono yangu, misimu 14.

Maswali ya mchwa na mabati yatasubiri toleo lijalo. Naanza na barua iliyofika mwisho, kwa sababu hiyo haiwezi kusubiri.

SWALI: Shikamoo Bibi. Kaka yangu yuko Minnesota na mkewe na watoto watatu. Mwaka huu wamenunua nyumba. Bili ya gesi ya kupashia nyumba joto imemtisha, anasema Desemba atakuwa anazima hita usiku na kuwasha jiko la mkaa sebuleni, kama tulivyokuwa tukifanya kwa bibi yetu Heru Juu mwezi wa sita na wa saba. Anasema mkaa ukishakolea hauna moshi, kwa hiyo hauna madhara. Ni sawa? — Mdogo mtu, Mwanga, Kigoma.

JIBU: Marahaba mwanangu. Weka jarida chini umpigie kaka yako sasa hivi. Mwambie asiwashe. Halafu urudi usome sababu.

Mkaa uliokolea, ule mwekundu usiotoa moshi hata kidogo, unatoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haichomi macho wala haikoholeshi. Ikiingia mapafuni inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mahali ilipokaa oksijeni haipati nafasi. Aliye macho anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu inamlegea. Aliyelala haamki. Moshi angalau unakufukuza chumbani, hii inakulaza.

Kwa bibi yenu Heru Juu mlisalimika kwa kuwa nyumba ile ilikuwa inapumua. Naijua nyumba ya namna ile: juu ya ukuta, chini ya bati, kuna uwazi unaopitisha mkono, na mlango haufiki chini. Nyumba ya nchi ya theluji imezibwa kila upande kwa mpira, povu na vioo viwili viwili, makusudi upepo usipite. Hewa mbaya ikizaliwa mle inabaki mle. Na tusijidanganye hata huku. Nyumba zinazojengwa sasa Kasulu na Buhigwe zina dari ya jipsamu na madirisha ya alumini, nazo zimeziba vilevile. Wazazi wa Manyovu, mkimaliza kupika, jiko lilale nje.

Nitakueleza kwa nini nasema kwa ukali. Msimu wetu wa tatu Duluth umeme ulikatika usiku wa dhoruba, na hita kuu ya gesi ikazimika nayo, kwa sababu feni yake na kiwashio chake vinatumia umeme. Kibarazani nilikuwa na jiko la kuchomea nyama na nusu gunia la mkaa. Nililiburuta mpaka mlango wa jikoni, kiberiti kikiwa mkononi. Jirani yetu, mzee wa miaka 80 na zaidi, alikuwa anazunguka na tochi kuangalia nyumba za mtaa. Hakunisalimia. Alilisukuma jiko kwa mguu likarudi kibarazani, akafunga mlango, ndipo akaanza kunieleza taratibu kama mtu anayemweleza mtoto. Usiku ule tulilala watu sita chumba kimoja, blanketi tumelitundika mlangoni, watoto katikati. Asubuhi glasi ya maji niliyoiacha kando ya dirisha ilikuwa na utando wa barafu juu yake, mwembamba kama ngozi ya maziwa. Baridi ilitutesa. Lakini tuliamka wote sita, na kila nikikumbuka kile kiberiti naona ingeweza kuwa vingine.

Sasa cha kufanya. Kaka yako aweke king'ora cha kaboni monoksidi kila ghorofa, kimoja karibu na vyumba vya kulala, na abonyeze kitufe cha kukijaribu kila mwezi. Fundi wa hita aitwe mara moja kwa mwaka kabla baridi haijaanza. Filta yake abadilishe mwenyewe kila mwezi mmoja hadi mitatu. Ikijaa vumbi, hita inahangaika na bili inapanda. Nyumba nyingi za sasa zina mabomba mawili meupe ya plastiki yanayotokeza ukutani kwa nje, moja linavuta hewa na lingine linatoa mabaki ya gesi. Theluji ikirundikana juu yake, hewa chafu inaweza kurudi ndani. Kila dhoruba ikipita, kabla ya kuchimbua gari, aende kwanza kwenye mabomba hayo. Oveni ya kupikia isitumike kupasha nyumba joto. Jenereta likae nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, si gereji hata kama mlango uko wazi. Na siku wakiumwa kichwa wote kwa pamoja, wakitoka nje wakapata nafuu, wasirudi ndani kuchukua hata koti. Wapige 911, namba ya dharura ya kule.

Kuhusu bili: asizime hita, ashushe usiku mpaka nyuzi 16 hivi, ambazo kwenye kifaa chake zitasomeka karibu 61 kwa vipimo vyao vya Farenhaiti. Upo mpango wa serikali kuu uitwao LIHEAP unaosaidia kaya za kipato kidogo kulipia joto; akipiga 211 ataelekezwa pa kuomba. Minnesota pia ina sheria inayomlinda mwenye nyumba asikatiwe joto kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Aprili, ila ni lazima awapigie wenye gesi wapatane namna ya kulipa. Anayekaa kimya hailindi. Ndugu zetu wengi wanaona aibu kupiga simu hiyo. Mwambie aibu hiyo haina kazi mbele ya watoto watatu.

SWALI: Dada yangu amehamia nyumba yake mpya Iowa. Jirani mmoja kamfuata akamwambia avue mpira wa kumwagilia bustani kwenye bomba la nje na afunge koki ya ndani kabla ya baridi. Dada kakasirika, anaona anaingiliwa mambo yake. Mpira wa bustani una shida gani? — Fundi seremala, Kasulu.

JIBU: Jirani huyo ni mtu mwema, na dada yako ampelekee chapati.

Chukua chupa mbili, moja ya mawese, moja ya maji. Asubuhi ya Juni Manyovu unayakuta mawese yameganda na katikati yamebonyea, yamejikunja. Maji yanafanya kinyume. Yakiganda yanavimba, karibu asilimia 9. Kila aliyewahi kusahau soda ya chupa kwenye friza anajua kinachofuata.

Bomba la shaba au la plastiki ni ile chupa. Lakini kuna jambo ambalo mafundi wengi wa huku hawalijui kwa kuwa hawajalazimika kulijua: mara nyingi bomba halipasuki pale lilipoganda. Barafu inaziba kama kizibo, halafu inaendelea kukua na kuyasukuma maji yaliyobaki kati yake na koki iliyofungwa. Maji hayana pa kwenda. Shinikizo linapanda mpaka bomba linaachia mahali palipo dhaifu, hata kama pale penyewe hapajaganda. Ndiyo maana usiku wa baridi kali watu wa kule huacha koki ya jikoni ikitiririsha uzi mwembamba wa maji: si kwamba maji yanayotembea hayagandi, bali shinikizo linapata pa kutokea.

Mabomba yao ya nje yametengenezwa kwa akili. Unazungusha kishikio nje, lakini valvu yenyewe iko ndani ya ukuta, sentimita 20 hadi 30, penye joto. Ukifunga, maji yaliyobaki kwenye kipande cha nje yanamwagika yenyewe na kipande kinabaki kitupu. Ukiacha mpira umefungwa pale, maji hayamwagiki. Yanakaa ndani ya ukuta yakisubiri Januari.

Hivyo ndivyo nilivyoharibikiwa mwaka wangu wa kwanza. Mpira nilioutumia kumwagilia mchicha niliuacha umening'inia. Baridi nzima hakuna aliyejua kitu, kwa kuwa valvu ilikuwa imefungwa na maji hayakuwa yanafika kwenye mpasuko. Mwishoni mwa Aprili, siku ya kwanza ya jua la kweli, nilitoka nje kwa furaha nikafungua koki nisafishe kibaraza. Maji yalitoka kidogo kidogo. Nikafungua zaidi. Zaidi ya robo saa nilikuwa nasugua kibaraza huku maji yanamwagika ndani ya ukuta mpaka chumba cha chini ya ardhi, kwenye maboksi yangu. Vitenge vilioshwa vikapona. Kaseti mbili za sauti ya marehemu mama yangu, akisimulia safari zake za MV Liemba kwenda Mpulungu, hazikupona. Fundi alipokitoa kile kipande cha bomba alinipa nikishike. Mpasuko haukufika urefu wa kidole gumba, kingo zake zimefunuka nje kama ganda la karanga lililobanwa. Ninacho mpaka leo, kiko dirishani hapa ninapoandika.

Kwa hiyo, dada yako, mwishoni mwa Septemba au Oktoba mapema: avue mpira, aumwage maji, auweke ndani. Ashuke chini atafute koki ya ndani inayolisha bomba la nje, aifunge. Atoke nje aifungue ile ya nje, maji yaliyobaki yatoke, na aiache wazi. Akiwa bado huko chini, atafute koki kuu ya nyumba nzima na aifunge kitambaa chekundu. Kila mtu mle ndani, hata mtoto wa miaka kumi, ajue kuizungusha gizani. Kisha apite na tochi atazame mabomba yaliyopita kwenye ukuta wa nje, chini ya sinki la jikoni hasa. Hayo ayavike mikono ya sponji inayouzwa kwa mita. Si ghali, na kuivisha ni rahisi kuliko kumvisha mtoto soksi. Hewa ya nje ikishuka chini ya nyuzi 7 hasi, milango ya kabati la chini ya sinki ilale wazi ili joto la nyumba liyafikie.

Bomba likishaganda, asilichome kwa moto. Nyumba zimeungua hivyo. Afungue koki inayolishwa na bomba hilo, kisha alipashe kwa mashine ya kukaushia nywele, aanzie upande wa koki akirudi nyuma.

SWALI: Mwanangu yuko Winnipeg, Kanada. Februari mwaka huu maji yalidondoka kutoka dari ya chumba cha watoto, na nje ilikuwa nyuzi 15 chini ya sifuri, hakuna hata tone linaloyeyuka. Fundi alipanda akasema vigae vya paa ni vizima. Huku tumeanza kusema labda ni mambo ya watu. — Mama wa mapacha, Ng'ambo, Tabora.

JIBU: Mama mwenzangu, naelewa kwa nini mmefika huko. Maji yanadondoka, paa zima, nje kila kitu kimeganda. Ukisikia hivyo kwenye simu usiku utatafuta sababu popote. Sababu ipo, na iko juu ya dari yao.

Joto la nyumba linapanda. Kama dari ina matundu, linaingia kwenye nafasi ya kenchi na kulipasha paa kwa chini. Theluji iliyolala juu ya paa ni blanketi nene, basi ile ya chini kabisa, inayogusa vigae, inayeyuka hata kama nje ni baridi kali. Maji yanateremka chini ya theluji mpaka kwenye upenu, ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Pale chini yake hakuna chumba, hakuna joto. Yanaganda. Kesho yanaganda mengine juu yake, mpaka panajengeka tuta la barafu mwisho wa paa. Maji yanayofuata yanakuta tuta, yanasimama, yanarudi nyuma na kupenya chini ya vigae. Vigae vya namna ile vimepangwa kumwaga maji yanayoteremka. Maji yaliyotuama havina ujanja nayo.

Mwambie mwanao atazame mapaa ya mtaa siku mbili baada ya theluji kuanguka. Paa ambalo theluji yake imetoweka mapema kuliko ya jirani, huku vijiti vinene vya barafu vimening'inia kwenye upenu, ni paa la nyumba inayovujisha joto. Watoto wanavipenda vile vijiti. Mimi nilikuwa nikiviona moyo unanienda mbio.

Tiba ni ya Oktoba na inafanyika ndani. Apande darini na tochi atafute matundu: panapopita nyaya za taa, panapopita mabomba, pembeni mwa kile kimlango cha kupandia darini, na feni ya bafuni ambayo wajenzi wavivu huiacha ipulize mvuke darini badala ya kuutoa nje. Mimi nilikuwa natumia udi. Nilitoka Ujiji na pakiti za udi kwa ajili ya nyumba kunukia, nikagundua ni kifaa cha ufundi. Siku ya upepo washa kijiti, kipitishe polepole kando ya fremu ya dirisha, kando ya soketi ya umeme, kando ya kimlango cha dari. Moshi unapanda wima, wima, halafu ghafla unalala upande mmoja kama umevutwa na mtu. Hapo ndipo penye tundu. Wazee niliowatunza walikuwa wakiniomba niwafanyie, na wengine walisema nyumba inabaki inanukia hadi jioni.

Matundu madogo azibe kwa silikoni au povu. Karibu na dohani aweke bati na ziba maalumu isiyoshika moto, povu hapana. Akishaziba ndipo aongeze sufi ya kuzuia joto juu ya dari. Wengi wanaanza na sufi, matundu wanayaacha, na joto linapita katikati ya sufi kama maji kwenye chujio. Na ile mianya ya upenuni inayoingiza hewa ya nje darini asiizibe kwa kudhani inaleta baridi. Nafasi ile ya juu ya dari inatakiwa iwe na baridi. Joto likae chini, kwa watu.

Ikitokea tena kabla hajafanya hayo, ipo reki ndefu ya kuvutia theluji ya paa huku umesimama chini. Aivute ile ya mita moja na nusu ya mwisho. Soksi ndefu ya nailoni ijazwe chumvi ya kloridi ya kalsiamu, ilazwe kukatisha tuta la barafu, itachimba mfereji maji yatoke. Shoka hapana, atakata vigae. Dari ya chumba ikianza kuvimba kwa maji, aweke ndoo na kutoboa tundu dogo katikati ya uvimbe, la sivyo litashuka bamba zima juu ya vitanda.

Umeuliza pia kama theluji ina uzito. Piga hesabu na mapacha wako. Paa la mita za mraba 100, theluji ya sentimita 30. Ikiwa mpya na kavu, yenye kilo kama 80 kwa mita ya ujazo, ni kilo 2,400, yaani magunia 24 ya mahindi ya kilo mia. Ikishalowa na kujishindilia inaweza kufika kilo 300 kwa mita ya ujazo, na hapo kina kilekile ni magunia 90. Paa zuri linabeba. Lakini milango ya ndani ikianza kukwama bila sababu na kenchi zikilia, watu watoke.

MASWALI MAFUPI

Mwenye duka wa Uvinza anauliza ni chumvi gani wanamwaga njiani. Mara nyingi ni jamii ya hiyo mnayoichemsha hapo kwenu. Inayeyusha barafu vizuri mpaka karibu nyuzi 9 chini ya sifuri, baada ya hapo inachoka, na ile ya kloridi ya kalsiamu inaendelea hadi kwenye baridi kali zaidi. Mchanga hauyeyushi kitu ila unazuia kuteleza.

Mke wa mtu, Gungu: wifi yako huko Ohio madirisha yanatoa jasho na pembe za ukuta zinaota ukungu mweusi kwa sababu ya mvuke wa ndani. Maharage yachemke yamefunikwa, feni ya jikoni iwashwe, nguo zisianikwe sebuleni, na kabati lisogezwe likae mbali na ukuta wa nje.

Mzee wa Katubuka aliyeuliza kuhusu kuni: zikaushwe mwaka mzima baada ya kupasuliwa. Kuni mbichi zinaacha lami ndani ya dohani, na lami hiyo ndiyo inayowaka siku moja. Dohani isafishwe kila mwaka. Majivu yaingie kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko na ndoo ikae nje, mbali na ukuta, kwa kuwa kaa linaweza kubaki hai ndani ya majivu siku kadhaa.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi na mume wangu tunaishi Minnesota, tunakuja Kigoma wiki tano kuanzia katikati ya Desemba, harusi ya mdogo wangu Kibirizi. Nyumba itabaki tupu. Tuzime kila kitu? — Binti wa Kibirizi.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa harusi. Msizime kila kitu. Mkizima hita mtarudi mkute nyumba imekuwa ile chupa ya soda.

Hita muiache nyuzi 13, yaani 55 kwa vipimo vyenu, isishuke hapo. Maji yafungeni kwenye koki kuu, kisha fungueni koki zote, ya chini kabisa na ya juu kabisa, mpaka zikauke. Vuteni maji ya choo tangi libaki tupu. Mtungi wa maji moto uwekeni kwenye alama ya likizo, kama unayo. Milango ya vyumba vyote na ya kabati za sinki iacheni wazi. Mkimaliza, tokeni nje mtazame kama mpira wa bustani uko pale.

Halafu mpeni mtu ufunguo. Hili ndilo watu wanalopuuza, wanaona vifaa vinatosha. Hita inaweza kuzimika siku mliyopanda ndege, na wiki tano ni nyingi. Mtafuteni jirani, au mtu wa kanisani au msikitini kwenu, aingie kila baada ya siku mbili, apande juu na kushuka chini, aguse mabomba, asafishe theluji kwenye yale mabomba meupe ya hita. Mimi nilikuwa nikifanyiwa hivyo na yule mzee wa tochi kila nilipokuja Ujiji. Hakuwa mtu wa simu. Alinunua kipimajoto cha shilingi chache za kwao, akakitundika ukutani jikoni kwangu, na kila alipoingia aliandika tarehe na joto kwa penseli kwenye karatasi kando yake. Niliporudi nilikuta orodha imejaa pande zote mbili.

Nyinyi mna simu. Atume picha ya kipimajoto, na mkiona namba imeshuka chini ya 50 zao, ampigie fundi hapohapo, namba ya fundi mmuachie kabla hamjaondoka. Kwa huyo jirani bebeni zawadi ya maana mkirudi. Kitenge kizuri cha soko la Mwanga hakizidi uzito wa begi.